Riviu ya seti ya DVD za Mr. Bean (The Whole Bean): mtazameni Rowan Atkinson kazi nzima, achaneni na vipande

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda asisumbuke: kama una hela ya kununua kitu kimoja tu cha komedi ya Waingereza, nunua hii seti ya The Whole Bean, ile iliyotoka 2015 kuadhimisha miaka 25 ya Mr. Bean. Picha zimesafishwa upya, episodi zote 14 zimepangwa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na juu yake kuna nyongeza ambazo nitazisemea huko mbele. Kwamba Bean anachekesha sina haja ya kumwambia mtu, hata mtoto wa chekechea anajua. Ninachotaka kusema ni kwamba karibu wote tumemuona Bean vipandevipande. Tumemuona kwenye basi la mkoani kondakta kaweka DVD ya mchanganyiko, tumemuona kwenye TV wakati wa sikukuu, siku hizi tunamuona kwenye simu, klipu ya sekunde arobaini imebandikwa muziki na maemoji ya kucheka, ikiisha unatelezesha kidole unaenda nyingine. Kwa mtindo huo unachokiona ni mtu anakunja uso basi, alafu watu wanasema aah Bean ni ujinga ujinga wa kuchekesha watoto. Hapo mimi nakataa na nitaendelea kukataa, manake ukikaa ukaangalia episodi nzima tangu dakika ya kwanza unaona kuna akili kubwa sana imekaa nyuma ya ule uso.

Chukua episodi ya kwanza, ilirushwa kituo cha TV cha Uingereza cha ITV tarehe 1 Januari 1990. Bean yuko kwenye chumba cha mtihani wa hesabu. Kabla hawajaanza anaongea maneno machache na jirani yake, jirani kajikita kwenye kalkulasi, yeye kajikita kwenye trigonometria. Wanafungua bahasha, Bean anatoa karatasi ya kijani, anaisoma, damu inamkauka usoni, ni kalkulasi. Kuanzia hapo ni vita, anachungulia, anajifanya anajinyoosha, anapuliza karatasi ya mwenzake idondoke, anakata tamaa mpaka anakaribia kulia. Muda unaisha, msimamizi anatangaza waliofanya kalkulasi waweke hapa na waliofanya trigonometria waweke kule, na ndo Bean anaingiza mkono kwenye bahasha anakuta kulikuwa na karatasi nyingine nyeupe humo ndani muda wote. Sasa klipu zinazozunguka kwenye simu zinaanzia pale anapochungulia. Yale maongezi ya mwanzo yamekatwa, bahasha imekatwa, na wakati mwingine hata tangazo la mwisho limekatwa. Umebaki na mtu anashangaa shangaa.

Rowan Atkinson, jamaa anayemcheza Bean, anapanga kama mchezaji wa bao anayejua kete yake itaishia shimo gani kabla hajaishika. Kila kitu kidogo unachoonyeshwa mwanzoni kina kazi yake mbele. Na hii haijatokea kwa bahati, ukijua maisha yake inaeleweka kabisa.

Rowan Sebastian Atkinson kazaliwa 6 Januari 1955 Consett, kaskazini mwa Uingereza, kwenye kaunti ya Durham. Baba yake alikuwa mkulima na mkurugenzi wa kampuni. Naligusa hili kwa sababu kuna zile habari za motivesheni zinasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti alitoka kwenye shida zisizosemeka na shuleni alionekana hamnazo, watu wanashea tu bila kuuliza. Kasoma shule nzuri, ile ya wanakwaya pale Durham ambayo hata Tony Blair kapita, kisha St Bees, kisha Chuo Kikuu cha Newcastle, akamaliza 1975 na digrii ya uhandisi wa umeme na elektroniki. Akaenda Oxford, chuo cha Queen's, ambacho baba yake pia alisoma, akachukua masters ya uhandisi na kazi yake ya utafiti ilikuwa kuhusu mifumo ya kuongoza mitambo inayojirekebisha yenyewe. Yaani huyu tunayemuona kafungwa na bata mzinga kichwani ni mhandisi wa kusomea, na mimi naamini ndo maana vichekesho vyake vinakaa namna ile. Kuna chanzo, kuna matokeo, kuna hitilafu, kuna jaribio la kurekebisha hitilafu ambalo linazaa hitilafu kubwa zaidi. Angalia Bean akiharibu kitu chochote kile, huwa haharibu kwa fujo, anaharibu wakati anakitengeneza.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule wa mgahawani kwenye episodi ya pili. Bean anasherehekea birthday yake peke yake. Anakaa, anatoa kadi, anajiandikia mwenyewe, anaisimamisha mezani alafu anajifanya kaiona sasa hivi na kafurahi. Menyu inaletwa, anatazama bei kuliko chakula, anaagiza steki asijue kwamba alichoagiza ni steak tartare, nyama mbichi ya kusaga. Inakuja. Ana adabu, hawezi kusema hataki, na mhudumu kila akipita anauliza kama chakula kiko sawa. Kwa hiyo anaanza kuificha. Kwenye chombo cha maua, ndani ya mkate anautoboa anashindilia, kwenye bakuli la sukari, chini ya kisahani, mpaka kwenye pochi ya mama wa meza ya jirani na kwenye suruali ya mpiga violini. Kila nafasi mezani inatumika na kila moja imefikiriwa. Alafu anapata upenyo, mhudumu anajikwaa, Bean anapiga kelele kuonyesha kwamba nyama imetapakaa kwa sababu ya mhudumu, meneja anaomba radhi sana, anahamishiwa meza nyingine, na kwa ukarimu anapewa sahani mpya. Ya steak tartare. Nimeiangalia sijui mara ngapi na bado ule uso pale sahani inapotua mezani unanimaliza. Ni uso wa mtu anayeona kazi yake yote imerudi sifuri.

Na hapo hajasema sentensi nzima. Hili la kutosema ndo linanileta kwenye kitu ambacho watu wengi hawakijui, Atkinson ana kigugumizi. Kaongelea mwenyewe mara kadhaa, herufi B inamsumbua sana, na kasema akiingia ndani ya mhusika kigugumizi kinapotea au kinapungua. Ukisikiliza kazi zake za kuongea utagundua kaigeuza hiyo shida kuwa silaha, anaikaza ile B, anaizungusha mdomoni mpaka jina la kawaida kama Bob linakuwa kichekesho peke yake, nenda kaangalie Blackadder, kipindi chake kingine cha komedi, utanielewa. Kwa hiyo msidhani Bean yuko kimya kwa kuwa Atkinson hajui kuongea, ni mmoja wa watu wanaotamka Kiingereza kwa ufundi zaidi kwenye TV ya Uingereza. Ule ukimya aliuchagua.

Na aliufanyia majaribio. Mwaka 1987 alienda tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, ambapo kuna ratiba ya Kiingereza na ratiba ya Kifaransa, akaomba kuwekwa kwenye ya Kifaransa. Waandaaji walishangaa, huyu Kifaransa chake kiko wapi? Lakini alitaka kuona kama mwili peke yake unaweza kubeba ukumbi wa watu wasiofuata maneno yake. Jibu tunalijua, si ndo maana bibi yangu ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji alikuwa akimwangalia Bean anacheka mpaka anajifuta machozi na kanga. Huyo mhusika alikuwepo hata kabla hajawa na jina, walifikiria kumwita kwa majina ya mboga mboga, Cauliflower likiwemo, mwishoni ndo wakatulia na Bean.

Na jamani tuwape sifa na wengine, manake Atkinson hakuandika peke yake. Richard Curtis walikutana Oxford, wakaandika pamoja toka wako wanafunzi. Robin Driscoll kaandika naye sehemu kubwa ya Bean, Ben Elton kachangia ile episodi ya kwanza. Howard Goodall, naye wa Oxford, ndo katunga ule wimbo wa kwaya wa Kilatini tunaousikia mwanzoni wakati Bean anadondoka kwenye mwanga kutoka juu, umeimbwa na kwaya ya kanisa kuu la Southwark, London, kwa uzito wote kama vile kuna misa. Hata hapo kuna akili, mtu mdogo kabisa anapokelewa kwa muziki mkubwa kabisa.

Sasa kwenye seti yenyewe. Ukiangalia kwa mpangilio unaona Bean anavyokua. Episodi za mwanzo zimegawanyika vipande vitatu vinne visivyohusiana sana, mtihani, ufukweni, kanisani. Ile ya ufukweni anataka kuvaa kaptura ya kuogelea bila kuvua suruali kwa sababu kuna mzee kakaa pale kwenye kiti, anahangaika dakika nzima mpaka anafanikiwa, alafu mzee anainuka na fimbo nyeupe, haoni. Kanisani ana pipi anataka kuila bila watu kujua, wimbo hajui maneno, mdomo unafunguka pale tu kwenye aleluya na hapo anaipiga kwa nguvu zote. Ukienda mbele, kuanzia kama 1992, zinaanza kuwa hadithi. Ile ya kuchelewa kwa daktari wa meno anaendesha gari huku anavaa nguo na kupiga mswaki, hapo vitu vinafuatana moja kwa moja toka kitandani mpaka kwenye kiti cha daktari. Hizo ndo zilikuwa nyakati ambazo episodi moja iliweza kutazamwa na zaidi ya watu milioni 18 Uingereza peke yake, nchi ya watu kama milioni 57 wakati huo, fikiria.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Krismasi, Desemba 1992. Wote mnaijua kwa bata mzinga, saa imedumbukia ndani, anaingiza kichwa kuitafuta, kinanasa. Hicho kipande ndo kinazunguka kila Desemba kwenye simu. Lakini kabla ya bata mzinga kuna mambo ya mchumba wake, Irma, kaigiza Matilda Ziegler. Wanapita kwenye dirisha la duka la sonara, Irma anamwonyesha kwa kidole, pale pana pete na pana picha kubwa ya tangazo ya wapenzi wawili. Bean anaitikia kwamba kaelewa. Irma anaondoka anaelea kwa furaha. Siku ya Krismasi Bean anampa zawadi na ni ile picha ya tangazo. Irma anavunjika moyo, alafu Bean anacheka anasema kuna kingine, anamtolea kiboksi kidogo, kabisa kama cha pete. Anafungua. Ni ndoano ya kutundikia picha. Binti anaondoka analia na Bean kabaki mlangoni haelewi kosa liko wapi, kwa sababu yeye kafanya kila kitu kwa usahihi, kaonyeshwa picha kanunua picha, na kafikiria mpaka namna ya kuitundika. Jamani. Mimi hapo sicheki. Atkinson amewahi kumweleza Bean kama mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na pale ndo unaona gharama ya hilo kwa mtu anayempenda. Hakuna klipu ya sekunde arobaini itakayokupa hiyo, lazima uwe umeona dirisha la sonara kwanza.

Nyingine ambayo inafaa iangaliwe nzima ni Do-It-Yourself ya mwaka 1994. Watu wanakumbuka kiti cha sofa juu ya paa la ile Mini ya kijani, Bean kakaa juu anaendesha kwa kamba na fagio. Sawa, inachekesha. Lakini tazama mwisho wake, anataka kupaka chumba rangi nyeupe kwa haraka, kafunika kila kitu kwa magazeti, mpaka zabibu moja moja, kaweka baruti ya fataki kwenye ndoo ya rangi kakimbia nje. Kumbe rafiki yake aliyekuwa kwenye pati ya jana yake kasahau kofia, anaingia kimya kimya kuichukua. Mlipuko. Bean anaporudi chumba chote ni cheupe ila ukutani kuna umbo la mtu ambalo halijapakwa rangi, kanyoosha mkono kuelekea kofia. Na ile kofia walishatuonyesha mwanzoni kabisa mwa episodi, nusu ya watu wameshaisahau. Hiyo ndo mimi naita uandishi.

Kuna kitu kingine ukiangalia mfululizo unakigundua, uhusiano wake na vitu. Teddy, yule dubu wa kufuma, anapewa zawadi ya Krismasi, macho mapya, anatumika kama brashi ya rangi pia. Mini inafungwa kwa kufuli la mlangoni. Kile kigari cha buluu cha magurudumu matatu, kila kikitokea kinasukumwa barabarani au kinapinduliwa, hatujawahi kumuona dereva wake sura, na Bean hajawahi kueleza ana ugomvi gani nacho. Na ile episodi ya 1994 kwenye maonyesho ya shule, Mini nyingine inayofanana na yake inabadilishana nafasi, ya kwake inapandwa na kifaru cha jeshi inakuwa chapati, anaenda anaokota kufuli kutoka kwenye vyuma. Watu na vitu vyao, tunajua sisi wenyewe mtu anavyoweza kulia kwa ajili ya pikipiki.

Kwenye nyongeza kuna dokumentari inaitwa The Story of Mr. Bean, hii usiiruke. Inaonyesha mhusika alivyoanza jukwaani na watu walioandika wanaelezea walivyokuwa wanakaa na kitu kimoja cha kawaida, kama kubadilisha nguo au kutengeneza sandwichi, wanakikamua mpaka kitoe kila kilichomo. Ukimaliza kuiona rudi kwenye ile ya bustanini, Bean kakaa kwenye benchi anatengeneza sandwichi kuanzia mwanzo, mkate anaukata kwa mkasi, siagi anapaka kwa kadi ya benki, majani anayakausha ndani ya soksi kwa kuizungusha, pilipili manga anaiponda kwa kiatu, samaki wako hai kwenye chupa. Jirani kwenye benchi ana sandwichi yake ya kawaida anashindwa hata kula. Kuna pia vipande viwili ambavyo havikuwa kwenye TV, cha kituo cha basi na cha maktaba. Cha maktaba ni kizuri sana, kitabu cha kale cha thamani, Bean anataka awe kimya na mwangalifu kuliko watu wote, unajua tu mwisho wake utakuwaje lakini unakaa unangoja kwa hofu.

Kasoro zipo na nazisema. Kicheko cha watazamaji kinachosikika nyuma kwenye baadhi ya episodi kipo juu sana, kinakuambia cheka kabla hujacheka mwenyewe. Ile ya mtoto mchanga kwenye viwanja vya maonyesho, Mind the Baby, inazidi kurefuka, na Hair by Mr. Bean of London ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya TV ila kwa kanda ya video, iko chini ya kiwango cha zingine, ile ya kinyozi mwanzoni ni nzuri baadae inapoa. Picha ni ya umbo la TV za zamani, kwa hiyo kwenye TV pana utaona mapengo meusi pembeni, msiivute ijae manake Bean anakuwa mnene na ule mwili mwembamba ni sehemu ya kazi. Na kwa wenye familia zetu hizi, ile ya hotelini, Room 426, kuna sehemu kabaki uchi koridoni anajificha ficha kwa kibao cha mlango, hakuna kinachoonekana lakini kama umekaa sebuleni na wakwe chagua nyingine kwanza.

Pia mjue seti haina zile filamu. Bean ya 1997 aliyoiongoza Mel Smith, ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, haimo, Mr. Bean's Holiday ya 2007 haimo, na katuni hazimo. Kwa maoni yangu hukosi kikubwa kwenye filamu ya kwanza, walimpa maneno mengi na wakampeleka Marekani, nguvu ikapungua. Ya Holiday ni nzuri zaidi, kule Ufaransa anarudi kwenye ukimya, na hapo unaona wazi kabisa anavyomheshimu Jacques Tati, yule Mfaransa wa filamu za Hulot ambaye Atkinson hajawahi kuficha kwamba kajifunza kwake.

Ukimaliza hii seti na Kiingereza chako kiko vizuri tafuta Blackadder, 1983 mpaka 1989, msimu wa kwanza kaandika mwenyewe na Curtis, baadae Ben Elton akachukua nafasi yake kwenye uandishi na yeye akabaki kuigiza. Ni mtu mwingine kabisa, mjanja, ulimi wembe, kila sentensi imenolewa. Msimu wa mwisho uko kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na dakika zake za mwisho ni kati ya vitu vizito kuwahi kuonyeshwa kwenye kipindi cha kuchekesha, sitasema zaidi. Huwa nawaambia watu tazameni Bean na Blackadder wiki moja, muone mwili mmoja na uso mmoja unavyoweza kuwa watu wawili wasiosalimiana.

Kuna mambo mengine ya maisha yake nayataja haraka. Ile sauti ya Zazu, yule ndege hondohondo kwenye The Lion King ya 1994, ni yeye. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012 ni yeye aliyekuwa kapewa noti moja tu ya kupiga kwenye kinanda katikati ya okestra nzima huku kachoka. Mwaka 2001 akiwa likizo Kenya, kwenye ndege ndogo kutoka pwani kwenda Nairobi, rubani alizimia angani na Atkinson ambaye si rubani akashika usukani akaizuia ndege isianguke mpaka rubani alipozinduka, wakatua uwanja wa ndege wa Wilson salama. Alipewa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza, 2013. Kila baada ya muda mtu anasambaza kwamba kafariki, si kweli, tafadhali msisambaze, 2022 katoa kipindi cha Man vs. Bee na 2023 alikuwa kwenye filamu ya Wonka.

Ila kuna moja limenikaa. Mwaka 2021 alisema kwenye mahojiano kwamba kumcheza Bean hakumpi raha sana, ni mzigo, kunamchosha na kumpa presha, na alikuwa anatazamia kumaliza. Wengine walikasirika, wakaona kama anawatukana mashabiki. Mimi nikamwelewa kabisa. Kwenye Bean hakuna mwenzake wa kumrudishia mpira, hakuna mazungumzo ya kukuokoa, dakika ishirini na tano ni yeye na vitu na uso wake, na kila jicho likipepesa vibaya kichekesho kimekufa. Mtu aliyesomea kurekebisha mitambo anajua kila skrubu iliyolegea. Ukiitazama seti hii ukiwa na hilo kichwani utaona jinsi anavyofanya kazi, angalia pale kwenye ubao wa kurukia kwenye swimming pool, anaogopa kuruka, ananing'inia kwa vidole huku watoto wanasubiri, hatazami kamera hata mara moja, hakuombi ucheke.

Mambo ya kununua sasa. Hii seti ya 2015 ilitoka Marekani, kwa hiyo ni ya rijini 1 na sisi Afrika Mashariki tuko rijini 5, yaani DVD zimegawanywa kwa kanda za dunia na deki inaweza kukataa ya kanda nyingine. Deki nyingi za bei nafuu zilizojaa madukani zinasoma zote bila tatizo, lakini deki za kampuni kubwa na laptopu za zamani zinaweza kukataa, muulize muuzaji akuwekee uone kabla hujatoa hela. Kuna pia matoleo ya Uingereza yenye episodi zote hizo hizo, ukiyapata kwa ndugu anayerudi likizo chukua tu. Jihadhari na zile DVD moja zinazoandikwa zina kila kitu cha Bean, nyingi zimechanganya katuni na vipande vilivyokatwa, na picha imebanwa mpaka sura haionekani, wakati sura ndo unayoilipia. Na ukishaipata anza na episodi ya kwanza, ule mtihani, simu weka mbali.